Mwisho wa Hadithi Anao Bibi Gobnait

Huko Ayalandi aliishi Colman, msimulizi wa hadithi asiye na kwake. Mjane Gobnait alimlaza jikoni na kumpa viazi vya moto, hata siku ambazo vilikuwa viwili tu.

Siku moja tajiri Tarleton, mwenye ardhi yote ya hapo, alipanga kubomoa nyumba ya mjane kesho yake, apate malisho ya kondoo. Mchana huo alimwita Colman amsimulie hadithi mezani.

Colman alisimulia mpaka Tarleton akasahau kutafuna. Binti mfalme wa hadithi hiyo aliposhika kitasa cha mlango wa saba, Colman akanyamaza.

"Endelea! Ndani mna nini?"

"Mwisho ni wa Bibi Gobnait, bwana. Kwetu msimulizi hasemi cha mwenzake."

"Basi aje hapa."

"Haji. Husimulia penye jiko lake tu. Mkilibomoa, basi tena."

Tarleton akaghairi. "Kesho nitakwenda kumsikiliza."

Colman akakimbia kwa mjane na kumweleza yote.

"Mjukuu wangu, mimi sijui hadithi hata moja!"

"Najua, bibi. Akifika, mwambie ni ndefu, kisha usinzie."

Tarleton alikwenda kila Jumapili kwa miaka tisa, akimpelekea bibi majani ya chai, yale makali ya kufukuza usingizi.