Kabla Tonge Halijapoa

Hapo zamani, kabla sufuria hazijaja kuwanyima wafinyanzi kazi, palikuwa na kijiji ambacho kila ua wake ulinuka udongo na moshi. Sogeeni karibu, maana mwishoni nitawauliza nyinyi, na sitaki mtu ajifanye amesinzia.

Mfinyanzi wa wafinyanzi hapo kijijini alikuwa Nyamizi. Chungu chake ukikigonga, kinaitika. Lakini sasa alikuwa mzee, miguu imemkataa, pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Na mila ya huko ilikuwa hivi: mzee akihisi anaondoka, hupikiwa ugali, akafinya tonge moja kwa mkono wake, akamlisha yule aliyemtendea jema kuliko wote. Aliyelishwa huwa mkuu wa nyumba, na neno lake huwa neno la mzee. Tonge hilo halikatwi. Wala halingoji: likipoa mkononi, radhi imepoa nalo, na nyumba hubaki bila mkuu.

Watu walidhani Nyamizi anaogopa kifo. Wapi! Kilichomtafuna ni jambo moja tu, nalo lilikuwa la dada yake mkubwa, Milembe.

Ujanani walifanya kazi pamoja, Nyamizi akifinyanga, Milembe akichoma. Siku moja mtemi aliagiza vyungu vya pombe ya arusi. Nyamizi, kwa pupa ya sifa, akavitoa kivulini kabla havijakauka, akamkabidhi dada yake. Vilipoingia motoni vikalipuka vyote. Watu wakamgeukia mchomaji, kwa kuwa moto ulikuwa wake. Nyamizi akanyamaza. Milembe akafunga mzigo wake kwa aibu, akahamia ng'ambo ya mto, na tangu hapo kila sifa aliyopewa Nyamizi ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa kifo kinapiga hodi, na mwiba uko palepale.

Wa kwanza kuuona alikuwa Limi, mke wa mwanawe. Wengine walikuja kumuuliza mgonjwa mipaka ya mashamba. Limi alikuja na uji, akamuuliza kinachomsumbua. Akafukuzwa. Akarudi na uji mwingine na swali lilelile. Akatukanwa. Akarudi. Kumbe chovya chovya humaliza buyu la asali: siku hiyo Nyamizi alisukuma bakuli pembeni, akasema, "Mwanangu, hakuwa Milembe. Ni mimi. Nilivitoa vibichi." Alilia, kisha akashangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi. Akamtaka dada yake, aletwe leo hii, kabla ya kitu kingine chochote.

Limi akamwambia mumewe, Mhoja. Mhoja hakungoja hata kumaliza kusikia. Mto ulikuwa umefurika, unabeba miti mizima, na hakuna mwenye akili aliyekuwa akivuka. Akachukua mtungi mkubwa wa mama yake, akauziba mdomo kwa ngozi, akaukumbatia, akajitosa. Maji yakamzungusha, yakamzamisha, mtungi ukamwibua. Akafika ng'ambo akitapika matope. Milembe alipousikia ujumbe hakuuliza swali. Alifunga kaniki yake vizuri, akaukumbatia mtungi uliofinyangwa na mdogo wake, na Mhoja akausukuma nyuma yake akiogelea.

Huku nyumbani pumzi ya Nyamizi ilianza kukatika. Binti yake, Shija, alisimama mlangoni. Mbele yake palikuwa na mvua tu. Akasema, "Mama, namwona Mama Mkubwa. Anashuka kilima."

Nyamizi akafumbua macho. "Amevaa nini?"

"Kaniki. Na anamfokea Mhoja."

Mgonjwa akatabasamu, akavuta pumzi. Kila alipotaka kuzima, Shija alimwongezea: wamefika mtoni, wamevuka, wamefika kwenye mtama. Uongo juu ya uongo, pumzi juu ya pumzi. Kisha Shija akawaona kweli, wawili wameloa chapachapa wakikatiza shamba la mtama, akawapisha mlangoni.

Milembe akaingia akidondosha maji. Nyamizi akamshika mkono. "Dada, nisamehe. Vile vyungu vilikuwa vibichi."

"Najua," akasema Milembe. "Chungu kilichopozwa vibaya hupata ufa. Kibichi ndicho hulipuka, na vile vilirusha vipande mpaka juu ya paa. Mchomaji gani asiyejua hilo?"

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilitaka useme wewe."

Nyamizi alimtazama kwa furaha na kwa uchungu. Kumbe ng'ambo ya mto palikuwa na mtu anayemngoja miaka yote ile, na yeye alikuwa anangoja kifo. Halafu Milembe akamkumbusha jinsi mpambe wa mtemi alivyovikimbia vile vipande akapoteza kiatu matopeni, wakacheka wote wawili mpaka jirani wakajaa uani.

Ugali ukaletwa unafuka. Nyamizi akafinya tonge, na moyo wake ulidunda kama siku ya ngoma.

Limi akasema, "Bila mimi, nani angejua kuna mtu wa kufuatwa?"

Mhoja akamjibu mkewe, "Kujua hakuvuki mto. Mimi niliweka roho yangu rehani."

Shija akasema, "Mngemleta kwa maiti. Mimi ndiye niliyemshikilia." Mhoja akasema radhi hailishwi mwongo. Shija akamuuliza kama ukweli wa mvua ile ungemfikisha mama hapo.

Milembe hakudai kitu. Jirani walimdaia: aibu isiyo yake aliibeba, na alipoitwa alikuja juu ya maji ya mauti. Mmoja akapinga, akasema aliyejua akanyamaza naye aliwaibia wote wawili maisha. Milembe akainamisha kichwa.

Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja. Maishani mwake hakuwahi kupenda watu namna ile, na alitamani awe na mikono minne. Wa kulishia ni mmoja. Umeshainuka na tonge, na mvuke unapungua.

Haya, msitazamane, upesi kabla halijapoa: kinywa cha nani?