Mahakama ya Mbali

Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza maharage ya kuchemsha. Alinunua sufuria ya presha kwa simu, kutoka kampuni ya ng'ambo. Wiki ya pili mfuniko ukaruka, ukamuumiza uso, na jicho la kulia likapofuka. Akaenda mahakamani na mashahidi wawili: jirani aliyemtoa jikoni na daktari aliyemtibu.

Hakimu alikuwa mtu mpole. Alisoma faili lote, akamtazama yule mama, akasema, "Mama, sikatai kwamba umeumia. Lakini siku uliyonunua ulibonyeza 'Nakubali'. Hapo ulikubali kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama ya huko kwao."

Jamani, nani humu amewahi kuyasoma yale maandishi kabla ya kubonyeza? Naona mnacheka. Hata mimi sijawahi.

Mama akauliza, "Mheshimiwa, huko kwao yupo aliyeiona sufuria ikilipuka?"

Hakimu akasema hayupo, ila huko kuna majaji waliobobea na haki yake ataipata. Akaifuta kesi, akamtakia kila la heri. Mama wa watu hata makao makuu ya mkoa hajawahi kufika. Ng'ambo angefikaje?

Mnaona hakimu yule hana huruma? Subirini kwanza.

Mwezi uliopita mjane mmoja wa kanisa hili alikuja kwetu. Mpaka wa shamba lake umesogezwa, na aliyeusogeza anakaa nasi kwenye viti hivi. Mashahidi wamo humu. Minyaa ile ya mpaka mliipanda ninyi, akiwapo marehemu mumewe, mkala ugali kwake siku hiyo. Mimi na wazee tulimsikiliza, tukampa chai. Kisha tukamwambia nini? Mimi mwenyewe ndiye niliyesema: "Mama, mwachie Mungu."

Ni kweli, Mungu ni hakimu wa haki. Lakini mimi nilisema vile kwa woga. Ndugu yetu yule ni mtu mzito, michango yake tunaijua, nikaona heri kesi iende mbali. Naona aibu kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na sisi sote tulinyamaza, ingawa mpaka ule tunaupita kila siku.

Baada ya ibada, wazee wabaki. Waliopanda minyaa wabaki. Nawe ndugu uliyeusogeza mpaka, ubaki. Mama, kesi yako tunaisikiliza leo.