Mume wa Miezi Minne

Haya, sogezeni vigoda niwape ya mjini kwetu. Bi Nyamvula, mjane muuza mahamri, aliitwa ofisi ya kodi na afisa Tuwano, yule ambaye macho yake hayatulii kanga ikipita.

"Mwaka jana ulikaa miezi minne bila bima ya afya," Tuwano alifoka. "Kisheria faini yake hulipwa hapa kwenye kodi. Lipa, ama leo hii nalichukua karai lako."

Bi Nyamvula akaliwazia karai lake. Bila karai angekaangia nini? Akajikaza, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hakuna anayesamehewa?"

"Mke aliye kwenye bima ya mumewe tu. Na wako alishakufa zamani."

"Basi andika miezi hiyo nilikuwa na mume."

"Nani?"

"Wewe."

Tuwano akacheka mpaka akakohoa. "Nani atakuamini, ajuza wewe?"

"Mkeo. Si anakujua? Tena huyo anakuja, uso kaukunja."

Tuwano akachungulia dirishani. Kweli, mkewe alikuwa anavuka barabara mbiombio! Jasho likamtoka. Akagonga muhuri wa msamaha, akamsukumia karatasi. "Chukua, mama yangu! Tafadhali usimwambie neno!"

Bi Nyamvula akaitia karatasi kifuani, akatoka. Mlangoni akapishana na mke wa Tuwano, kapu mkononi.

"Bi Nyamvula, jua hili litaniua," mke alilalamika. "Na kila adhuhuri lazima nimletee bwana huyu wali wake."

"Mwahishie, mwanangu," alisema Bi Nyamvula. "Leo katoka jasho kukushinda wewe."