Mkanda Uliopakwa Sabuni

Ndugu zangu, kabla hatujafunga ibada, nipeni masikio yenu niwaeleze habari ya mama mmoja wa Ziwa Tanganyika.

Mama huyu alikuwa na boti ya mbao yenye injini ya dizeli, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Iliwachukua watu wa vijiji visivyo na barabara kwenda gulioni na hospitali ya wilaya, na ndiyo iliyolisha watoto wake. Injini ile ilikuwa na mkanda mmoja mwembamba wa mpira. Mkanda huo ulizungusha pampu ya maji inayoipoza injini, na ulizungusha alteneta inayochaji betri. Kazi mbili. Uliziweza.

Kisha abiria wakataka taa, mama akaweka. Wakataka kuchaji simu, akaweka soketi. Wachuuzi wa samaki wakataka friza, nayo akaweka. Betri zikawa hazijai, basi nahodha wake akashauri ifungwe alteneta kubwa kwenye mkanda ule ule, ikafungwa. Kila mtu akafurahi. Je, kuna aliyeuliza habari za mkanda?

Mkanda ukaanza kulia. Kila injini ikiwashwa, unapiga kelele kama mbuzi anayevutwa kamba. Abiria wakaziba masikio. Nahodha akachukua kipande cha sabuni ya mche, akausugua. Kimya.

"Umeona, mama? Ulitaka kubembelezwa tu."

Safari iliyofuata ukalia tena, akapaka tena. Sabuni iliposhindwa, akaukaza kwa mtaimbo. Mama aliuona unga mweusi wa mpira umetapakaa chini ya injini. Akaufagia kama anavyofagia jikoni kwake, akaendelea na shughuli. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushukuru kwa chochote kinachonyamaza.

Siku mkanda ulipokatika walikuwa mbali na nchi kavu, na ndani ya boti alikuwamo binti mjamzito anayekimbizwa hospitali. Pampu ikasimama, injini ikachemka, nahodha akaizima kabla haijaungua. Wakaelea. Wavuvi wa dagaa wakaja kuwavuta, lakini mtoto hakusubiri. Alizaliwa juu ya magunia ya muhogo, akina mama wamezungusha khanga. Mungu alisaidia, binti na mtoto wake wakafika wazima.

Walipofika ufukoni, nahodha alikimbilia dukani akarudi na mkanda mwingine, mwembamba vile vile.

"Umekatika ghafla tu, mama. Nafunga huu sasa hivi, kesho gulio."

"Ghafla?" Mama akamtazama. "Umelia tangu Kwaresima. Mimi na wewe ndio tuliounyamazisha. Weka chini huo."

Akamwita fundi. Fundi akasema mkanda mpana, wa mifereji mingi, unapatikana, lakini haukai kwenye puli za zamani, vile vigurudumu unamopita. Puli zote zibadilishwe, alteneta ifungwe upya hadi zote zinyooke mstari mmoja. Boti ilale.

"Abiria watahamia kwa jirani," nahodha akalalamika.

"Wahame. Nikiwakosa kesho nitawapata kesho kutwa. Nikiwazamisha je, nitawapata wapi?"

Boti ikalala. Gulio likapita. Mama akashinda pale pale, oili hadi kwenye viwiko, akimshikia fundi tochi na kumwambia apime tena. Injini ilipowashwa, haikusikika sauti nyingine ila ya injini yenyewe. Nahodha akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akapiga makofi.

"Mama! Mkanda wa nguvu namna hii? Sasa hata friza ya pili tunaweza kuweka!"

Mnacheka. Mmemcheka nahodha, au mmejicheka wenyewe?

Humu ndani yumo anayepika kila msiba, anayefua vitambaa vya madhabahu, anayefundisha watoto Jumapili, na nyumbani anauguza mkwe wake. Akisema amechoka, sisi tunafanyaje? Tunamsimamisha mbele ya usharika na kumpigia makofi. "Mama huyu ndiye nguzo yetu!" Ananyamaza. Nasi tunaita hiyo baraka. Na siku tukimpatia msaidizi, kabla ya mwezi kwisha tumemwingiza kwenye kamati nyingine.

Kilio cha aliyelemewa si upungufu wa imani. Kinatuambia sisi tulivyojipanga vibaya. Kumwombea tu huku tumebaki vile vile, hiyo si huruma. Lazima sisi tubadilike, hata kama jambo tulilolizoea litalala kwa muda.

Kwa hiyo leo hakuna chai baada ya ibada. Wanaoipika kila Jumapili wameketi hapa pamoja nasi, na wao ndio watakaotangulia kutoka, waende wakapumzike. Wazee wa kanisa, akina baba, na vijana mnaojua kula chapati, ninyi mtabaki nami. Tutagawana zamu, na mlango hautafunguliwa hadi tumalize.

Tusimame tuombe. Nitaomba kwa kifupi, kazi inatungoja.