Doa la Jua Kwenye Picha ya Mama Tumsifu

Hapo zamani, wala msidhani ni zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, simu zipo na kompyuta zipo, kulikuwa na kijiji kikiitwa Msindoni, kwenye mteremko wa mlima. Na wewe uliyejiegemeza ukutani, hebu kaa sawa. Hadithi hii haina kicheko, na mwisho wake nitakuuliza swali, kwa hiyo usisinzie.

Barabara mpya ilikuja Msindoni. Barabara ikija haibishi hodi. Nyumba zote za chini ya mteremko ziliambiwa zihame, wenyewe wakapewa viwanja kule juu, Kilangani. Watu walinung'unika, wakakubali. Shida ilikuwa makaburi. Msindoni mtu huzikwa nyumbani kwake, karibu na mlango, ili wanaobaki wampitie asubuhi na wampitie jioni. Watu wa barabara wakasema sawa, na makaburi tutayahamisha, lakini kwa sharti moja. Kila nyumba itapigwa picha, nyumba pamoja na uwanja wake. Kinachoonekana kwenye picha kitahamishwa. Kisichoonekana hakipo.

Mmesikia? Kisichoonekana hakipo. Haya, tuendelee.

Nyumba namba arobaini na moja ilikuwa ya Mama Tumsifu. Tumsifu alikuwa mwanawe wa pekee, akafa na miaka sita, homa ya siku mbili. Kaburi lake halikujengewa saruji. Lilikuwa na mawe tisa yaliyopangwa kwa duara, na kichwani masale mawili, ule mmea wa majani marefu unaopandwa ili mpita njia ajue hapa amelala mtu. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita, na watu bado walimwita Mama Tumsifu, naye aliitika. Alitaka jambo moja tu katika dunia hii: akihama, mwanawe ahame naye.

Mpiga picha wa barabara aliitwa Yoeli, kijana mchangamfu, miguu haitulii. Alifika namba arobaini na moja saa kumi jioni.

"Baba, njoo kesho asubuhi," Mama Tumsifu alimwambia. "Nyumba yangu inatazama mashariki. Saa hizi jua liko nyuma ya paa, litakupiga usoni."

"Litanipiga mimi, mama, siyo picha," Yoeli akacheka. "Kesho asubuhi nina harusi mjini. Bibi harusi hangoji."

"Basi hakikisha umemchukua na mwanangu. Yuko pale kushoto."

"Nimemchukua, mama. Huyo hapo."

Na kweli alimchukua, msimsingizie. Nyumba ilikuwemo, uwanja ulikuwemo, kaburi lilikuwemo. Lakini jua la saa kumi liliingia moja kwa moja kwenye lenzi, likatupa madoa ndani ya picha. Yalianzia pembe ya paa, yakashuka kwa mshazari, madogo madogo, na la mwisho lilikuwa duara kubwa jeupe lenye ukingo wa zambarau. Duara hilo lilitua chini kushoto, juu ya mawe tisa.

Karani wa kambi ya barabara aliitwa Bwana Mashauri. Alizitazama picha harakaharaka, akakunja uso.

"Ofisi kuu hawapokei picha zenye madoa," alisema. "Mpelekeeni Nambike azisafishe."

Sasa ndiyo tumefika kwa Nambike. Nambike alikuwa na duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, pale njia panda, na mkono wake ulisifiwa tarafa nzima. Umevaa shati limechanika? Nambike atakuvika suti. Umefumba macho? Atakufumbua. Watu walisema Nambike akiishika picha yako, hata mamako atauliza huyu mzuri ni nani.

Akafungua picha ya namba arobaini na moja kwenye kompyuta, asubuhi kweupe, chai yake pembeni. Doa la juu ya paa alilipunguza mwanga, likaisha. Doa la ukutani alilifunika kwa kipande cha ukuta kilicho jirani yake, likaisha. Akafika kwenye duara kubwa. Akalivuta karibu. Ndani yake kulikuwa na weupe, na ndani ya weupe kulikuwa na kitu. Kivuli cha kitu. Aliinamisha kichwa huku na huku. Mawe? Kuku wamelala? Angeweza kuupunguza mwanga polepole akaona ni nini, lakini kazi hiyo ingemchukua nusu saa, na picha zilikuwa nyingi.

"Takataka za uani," alisema peke yake.

Akachota nyasi za upande wa kulia, akazipaka upande wa kushoto. Alipaka kwa brashi ndogo, kisha kubwa, kisha ndogo, ili mshono usionekane. Alipomaliza palikuwa na nyasi tu, nyororo, zimeinama kwa upepo upande mmoja na nyasi nyingine. Akatabasamu, masikini. Akaihifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani, maana kompyuta ilikuwa imejaa. Na kadi ya kamera ya Yoeli? Ilikuwa imefutwa zamani, ibebe harusi.

Baada ya siku mbili wenye nyumba waliitwa dukani kwa Nambike, kila mtu aione picha yake iliyochapwa na aweke dole gumba. Mama Tumsifu alifika, akaishika picha kwa ncha za vidole. Aliliangalia paa. Aliuangalia mlango. Upande wa kushoto hakuutazama. Akachovya dole kwenye wino.

"Mama, umeridhika? Angalia yote," Nambike alisema.

"Paa langu nimeliona. Kaburi la mwanangu silitazami kwenye karatasi, binti yangu. Najua lilipo."

Akaweka dole, akaenda zake.

Nambike alibaki ameshika picha. Neno lile, kaburi, lilimrudisha kwenye kile kivuli ndani ya doa. Mbele yake kulikuwa na foleni ya watu kumi na tano, wanasukumana, wanalalamika. Alihudumia foleni. Foleni ilipoisha alifungua kompyuta, akaitafuta picha, akazivuta nyasi karibu mpaka zikawa viraka vya rangi visivyo na maana. Alijaribu kurudisha nyuma kila alichokifanya. Kompyuta haikuwa na cha kurudisha. Nyasi zilikuwa nzuri mno, na chini yake hapakuwa na kitu chochote.

Akajiambia: bila shaka wana orodha nyingine, ya maandishi. Akajiambia: bila shaka karani atapita kwa miguu akague. Akajiambia: nikisema, nani ataniletea kazi tena? Siku ya kwanza akanyamaza. Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu alitoka mpaka nusu ya njia ya kambi, mvua ikaanza, akarudi. Siku ya nne akanyamaza.

Na karani? Kweli Bwana Mashauri alipaswa kupita nyumba kwa nyumba na orodha mkononi. Lakini mteremko ulikuwa matope matupu, na yeye alivaa viatu vya ofisi. Alikaa kambini, akatazama picha moja moja, akahesabu makaburi kwa kalamu, na chini akaandika: Nimekagua. Namba arobaini na moja, makaburi hakuna.

Siku ya tano ikafika. Kwa desturi ya Msindoni, mama haoni mifupa ya mwanawe. Akiiona, wanasema, hatalala tena. Kwa hiyo Mama Tumsifu alipanda Kilangani tangu alfajiri, akakaa kando ya shimo dogo alilochimbiwa na majirani, shuka jeupe mapajani. Kule chini wafukuaji walifuata orodha tu; nyumba iliyoandikwa makaburi hakuna waliipita bila kusimama. Walipomaliza, tingatinga likapita.

Masanduku yakaanza kupanda Kilangani kwa gari. Likaja la kwanza, la Mzee Kateri. Mama Tumsifu akasimama, akakaa. Likaja la pili, la bibi yake Semboja. Akasimama, akakaa. Likaja la tatu, la mapacha wa Mama Mchome. Akasimama. Gari likageuza.

"Na wangu?" aliuliza.

Bwana Mashauri, aliyekuja na gari, akafungua orodha. Akaisoma mara moja. Akaisoma mara ya pili, sasa sauti imepungua.

"Wangu yuko wapi?"

Jamani. Watu walishuka mteremko mbio, wengine wanaanguka. Walikuta udongo mwekundu, tambarare, kutoka korongo mpaka korongo. Nyumba hakuna, mlango hakuna, masale hakuna. Dereva wa tingatinga akasema udongo wa juu wote ameusukuma korongoni, na korongoni mna maji ya mvua. Walichakura kwa mikono mpaka adhuhuri. Wakaleta picha ili wapime kutoka kwenye nyumba hadi kaburini, na picha ikawaonyesha nyasi.

Hapo ndipo Yoeli na Nambike walipoitwa. Nambike alipanda Kilangani amejifunga kanga kiunoni, hata viatu hakuvaa, na tangu njiani alikuwa akilia.

Sasa sikilizeni desturi, maana swali limo humo. Msindoni kaburi likishachimbwa halilazwi wazi. Maiti ikikosekana, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Na shina hilo halizikwi na kila mtu. Huzikwa na yule aliyempoteza marehemu. Yeye ndiye ashike jembe, yeye ndiye afukie, na kila mwaka siku hiyo aje apalilie na akae na mfiwa kutwa nzima, uso kwa uso, mpaka mmoja wao afe. Jina lake hubadilika. Ataitwa Aliyempoteza, na watoto wake wataitwa wa Aliyempoteza.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mama Mchome, ndiye aliyeuleta mgomba. Mapacha wake mwenyewe ndio kwanza wamefukiwa. Akaulaza ukingoni, akaweka jembe juu yake.

"Jua halitazama kabla mtu hajaliokota jembe hili," alisema. "Semeni."

Yoeli akasema: "Mimi nilimpiga picha, alikuwemo! Jua siyo langu. Mngeiacha ilivyo, na doa lake, mtu angeuliza hapa pana nini. Doa lingemwokoa."

"Uliambiwa uje asubuhi," Mama Mchome akamjibu, na Yoeli akatazama chini.

Bwana Mashauri akasema: "Mimi nilisoma nilicholetewa. Karani hasomi kisichoandikwa. Na mwenye kaburi aliiwekea picha dole."

"Uliandika umekagua. Ulikagua kwa miguu ipi?"

Bwana Mashauri akavuta miguu yake chini ya koti.

Nambike akasema. Angeweza kusema alitumwa kufuta madoa, akafuta madoa, na hakuna aliyemwambia habari za makaburi. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni, ameyapanga njia nzima. Lakini alimwona Mama Tumsifu ameshika shuka jeupe lililokunjwa, halijafunguliwa, na maneno yakamkimbia.

"Niliona kitu ndani ya doa," alisema. "Nikakifuta. Halafu nikasikia kwa mdomo wako mwenyewe, mama, kwamba ni kaburi. Siku nne zilikuwepo. Neno moja tu lingetosha, kupelekwa kambini. Nilinyamaza."

Umati ukaguna. Mtu mmoja akasema, basi, tumempata, apewe jembe. Mwingine akasema, subiri, anayesema kweli ndiye tumbebeshe peke yake, hawa waliojificha waende nyumbani wakale? Wa tatu akasema, hata angenena, karani asiyekanyaga matope angeshuka kulitazama kaburi? Wakaanza kugombana, na jua linashuka.

Nambike akasogea kuliokota jembe. Aliwaza siku ileile kila mwaka, yeye na mama huyu, kutwa nzima, wamekaa kando ya mgomba uliooza, na hakuna cha kusema. Aliwaza kwamba hata akipalilia miaka hamsini, mtoto hayumo. Akashindwa kuinama. Alisimama tu, amekata tamaa kabisa.

Ndipo Mama Tumsifu akainuka.

"Leteni hapa," alisema. "Hawa wote walikuwa wageni kwa mwanangu. Huyu aliona duara, yule aliona namba, yule aliona harusi yake. Mimi nilimzaa. Nilipewa karatasi mkononi nikaambiwa angalia yote, nikageuza uso kwa kuogopa kuumia. Ningetazama upande mmoja tu wa karatasi, leo ningekuwa nimempokea. Mimi ndiye niliyempoteza."

"Hapana!" Mama Mchome akalia. "Mama hamziki mwanawe wa pekee. Na ukifukia wewe, kila mwaka utakaa na nani?"

Mama Tumsifu alilitandaza shuka jeupe juu ya mgomba, akalivuta hapa na pale mpaka likafunika, kama unavyomfunika mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Yoeli alilia. Karani alilia. Nambike hakuwa na machozi tena. Jua liligusa mlima, na jembe lilikuwa bado liko ukingoni, mpini umeelekea kwa wote wanne.

Mimi nimeishia hapo, wala msinitazame mimi. Yoeli aliyekataa kurudi asubuhi, karani aliyekagua kwa kalamu, Nambike aliyejua akanyamaza, au mama aliyegeuza uso: je, ni nani aliyestahili kuliokota jembe lile?