Halua Iliyong'ara Juu

Halua huanza kuungua chini. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Rukia wa jirani asubuhi, huyo Rukia alipotueleza kwamba ofisini wamempima kazi, bosi akamuuliza kama ana lolote linalomsumbua, naye akajibu hana, kisha akaja kulia jikoni kwetu. Nyinyi mkacheka, mkauliza halua na ofisi vinakutana wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Pemba, katika mji mdogo ambao siku hizi hauna hata mpika halua mmoja, alikuwako Fundi Khelef. Arusi iliyokosa halua yake ilisemwa mwezi mzima. Watu wake walikoroga, lakini viungo alitia mwenyewe, na ni yeye peke yake aliyeamuru, "Epueni."

Kila mwaka, Idd ikishapita, alikuwa na desturi ya kumwita kila mtu wake barazani, mmoja mmoja. Humtilia kahawa, humwambia wapi amefanya vyema na wapi amelegea, kisha humuuliza, "Na wewe una neno?" Jawabu lilikuwa moja miaka yote: "Sina neno, Fundi."

Shaame, mkorogaji wake wa siku nyingi, alikuwa na neno. Alipoingia kazini aliahidiwa kufundishwa viungo. Akaota mvi kidevuni, bado yu na mwiko. Mwaka mmoja aliapa atasema. Alijizoeza maneno yake mbele ya mkewe, Mgeni, mpaka mke akayahifadhi kuliko yeye.

Siku ya siku ikafika. "Mkono wako hauchoki, Shaame," Fundi akamwambia. "Sijapata mkorogaji kama wewe. Una neno?"

"Sina neno, Fundi."

Nyumbani Mgeni akamuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Atafikiri."

Mgeni alimtazama kidogo, akaendelea kukuna nazi. Alimjua mumewe.

Tangu hapo Shaame alilalamika kila mahali ila pale penye dawa. Alilalamika kwa kinyozi, akalalamika kwa muuza samaki, hata shemeji yake akawa anapita njia nyingine. Kazini alikoroga vile vile na jasho lile lile, lakini moyo haukuwapo. Na mwiko wa halua unataka moyo. Mtu akiwa na nia, mwiko hushuka ukakwangua chini. Nia ikiondoka, mwiko huzunguka juu juu tu, na anayepita hawezi kujua tofauti.

Ikaja arusi ya binti yake Fundi mwenyewe. Sufuria kubwa ya shaba ikabandikwa, Shaame akashika mwiko. Fundi alipita akachungulia. Samli ilikuwa inaelea, zafarani imekolea, uso wa halua unang'ara. "Mashallah," akasema, akaenda kupokea wageni. Aliporudi akaamuru iepuliwe, ikaanza kupakuliwa, upawa haujafika mbali, harufu ya kuungua ikapanda. Chini palikuwa na gamba jeusi, na uchungu wake ulikuwa umeingia sufuria nzima. Wageni wa bwana arusi walinywa kahawa kwa tende. Wakwe walikuwa watu wa adabu, hawakusema kitu, na hilo ndilo lililomchoma Fundi zaidi.

Kesho yake Shaame akaitwa barazani. Hapakuwa na kahawa. Alijua amekuja kufukuzwa, na kazi nyingine hakuwa nayo.

"Ulisinzia?" Fundi akauliza.

"Sikusinzia, Fundi."

"Moto ulikuzidi?"

"Moto ulikuwa ule ule."

"Basi niambie wewe, maana mimi nilipita, sikuona kitu."

Shaame aliyatafuta yale maneno aliyojizoeza, hakupata hata moja. Akasema yaliyomjia. "Wallahi sikuiunguza kwa kusudi. Lakini kazi hii sina raha nayo tena, Fundi. Uliniahidi viungo. Kila mwaka unausifu mkono wangu, na kila ukiusifu najua mwaka mwingine umekwenda nikiwa na mwiko."

"Si nilikuuliza kama una neno!"

"Uliniuliza, Fundi, lakini ulikuwa umeshasimama, unasuuza kikombe cha mwenzangu anayefuata."

Hasira ilimpanda Fundi, kisha aibu ikaishinda, kwa kuwa lile lilikuwa kweli. "Kosa hili lina wenyewe wawili," alisema mwishowe. "Wewe umekoroga juu, na mimi nimeuliza juu. Lako ni zito zaidi, umeniaibisha mbele ya wakwe, na sitalisahau upesi. Lakini kesho utakaa nami kwenye viungo."

Msidhani Shaame alitokea kuwa bingwa. Hiliki aliizidisha, zafarani akaifanyia ubahili, na Fundi alimwambia hivyo usoni bila kumtilia sukari. Alichelewa sana kupata mkono, wala hakumfikia Fundi hata siku moja.

Idd iliyofuata, Fundi alimtilia kahawa, kisha akajitilia na yeye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kitako.

"Juu nakuona, Shaame. Chini kukoje?"

"Chini kuna moto, Fundi," Shaame akajibu, akaanza kueleza. Kahawa ikapoa, na hakuna aliyesimama.

Basi wewe unayeuliza, usitosheke na uso unaong'ara. Na wewe unayeulizwa, usingoje harufu ipande ndiyo iseme badala yako. Halua huanza kuungua chini.