Komeo la Ghala

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakilima na kugombana kama sisi, Tembo na Kifaru walijenga ghala la mtama wa kijiji kizima. Kuta zilikuwa za magogo ambayo hata tembo hawezi kuyavunja. Mlangoni waliweka komeo zito. Likishaanguka, wao wawili tu ndio wangeweza kuliinua.

Bi Pimbi, mdogo kuliko kikapu chake, alilitazama komeo lile akawawaza wanawe. Moyo ulimuuma. Wenye mabavu wakishika mlango, watoto watakula kwa kupiga magoti!

"Hodi, wajenzi! Mtama bado haujaingia, basi kwanza tuigize. Nani atakuja hapa?"

"Mwenye njaa," akajibu Tembo.

"Anataka nini?"

"Chakula! Swali gani hilo?" Kifaru akafoka.

"Atakipataje, hatua kwa hatua? Na mambo yakienda mrama?"

"Mama huyu ana maneno! Kwetu hakuna kwenda mrama."

"Basi nionyesheni, mabingwa. Ninyi ndio wenye njaa. Ingieni mchukue mtama."

Mabingwa! Nani hapendi kuitwa bingwa? Wakaingia, vifua mbele. Bi Pimbi akausukuma mlango ukafunga, akachomoa kabari iliyoshikilia komeo kwa nje. Pwaa!

"Haya, mwenye njaa yumo ndani, komeo limeanguka. Sasa anafanyaje?"

"Anamwita mwenye nguvu aje kumfungulia!"

"Wenye nguvu wote mko ndani, Mzee Tembo."

Kisha gubu! gubu! Walisukuma kuta mpaka wakalowa jasho. Walikuwa wamejenga imara kweli kweli. Jua likapanda, matumbo nayo yakaanza: ngurrr!

"Bi Pimbi, mama yangu, tutakufa njaa!"

"Sasa mmemjua mwenye njaa. Komeo liwe jepesi kwa mkono mdogo kuliko yote. Mnakubali?"

"Tunakubali! Haki ya Mungu!"

Ndipo akamwita Panya na ukoo wake. Krit, krit, krit! Wakalitafuna komeo hadi likawa jembamba kama mpini wa jembe. Bi Pimbi akaliinua mwenyewe, wanawe wakashangilia.

Tembo akatoka, masikio yamelegea. "Na mtama uko wapi?"

"Unakuja, Mzee. Panga foleni nyuma ya wanangu."

Hadithi yangu nimeiachia pale mlangoni: ajengaye mlango, na aanze kwa kumuuliza atakayeufungua.